Ami hataki kunioza kwa sababu niliita serikali utawala dhalimu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Mombasa, na kwa sasa nafanya kazi Nairobi. Baba alitangulia mbele ya haki nikiwa bado shule ya msingi. Aliyetulea ni ami yangu, mdogo wake baba. Ndiye aliyelipa karo, ndiye aliyenipeleka chuo kikuu na sanduku langu begani, na ndiye walii wangu, maana sina kaka mkubwa. Nimeposwa, mahari imekubaliwa, na nikaha ilikuwa ifungwe Mfunguo Mosi.

Tatizo lilianzia kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Ilipofika siku ya kuwakumbuka vijana waliouawa kwenye maandamano ya Juni 25, 2024, niliweka picha ya mishumaa na chini yake nikaandika: "Utawala huu dhalimu utajibu siku moja." Ami ni mwalimu mstaafu na hapendi siasa kwenye kundi, lakini siku hiyo hakunyamaza. Alituma ujumbe wa sauti mrefu. Alisema utawala ni ule waliouona wao wakati wa Nyayo, yaani enzi ya Rais Moi, wa kupanga mlolongo na kuhamishwa kazi kwa kusimama nyuma ya picha isiyotakiwa, jambo lililompata yeye mwenyewe. "Hii ni serikali," akasema. "Mmeichagua wenyewe 2022, mahakama ikaithibitisha. Hamuitaki? Subirini 2027 muitoe kwa kura. Msiite kila msichokipenda utawala."

Mshauri, nilikuwa na uchungu. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo aliwahi kuchukuliwa usiku na watu wasiovaa sare, ndani ya gari lisilo na alama yoyote, akarudishwa siku kadhaa baadaye. Mpaka leo haongei kama alivyokuwa akiongea. Kwa hiyo nilimjibu ami mbele ya ukoo mzima: "Kizazi chenu ndicho kilichonyamaza, ndiyo maana sisi tunazikana."

Ami akatoka kwenye kundi. Akamwambia bibi kwamba hatanioza mpaka niombe radhi hadharani na nilifute neno lile. Bibi analia. Mchumba wangu anasema niombe radhi yaishe, neno ni neno tu. Marafiki zangu wa Nairobi wanasema nikilifuta nitakuwa nimewasaliti waliokufa.

Naomba unijibu kwa ukweli. Serikali iliyochaguliwa inaweza kuitwa hivyo kwa haki, au ami ndiye aliye sahihi? Na nifanye nini kuhusu nikaha yangu?

Binti wa Mombasa

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyompata rafiki yako, na pole kwa kuingia kwenye ugomvi na mtu aliyekulea.

Nitaanza na ami, kwa sababu ana hoja ambayo vijana wengi huiruka, na kwa sababu hoja hiyo hiyo ukiifuata mpaka mwisho haimfikishi anakotaka.

Aliyoyasema kuhusu Nyayo ni kweli tupu. Juni 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A kwenye katiba, KANU ikawa ndiyo chama pekee kinachoruhusiwa na sheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali walinyang'anywa ulinzi wa kazi zao, na 1988 ikawa zamu ya majaji: rais akapata uwezo wa kumfukuza jaji bila kuzunguka. Waliotuhumiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, waliteremshwa vyumba vya chini vya Nyayo House na kuteswa humo, katikati ya jiji la Nairobi, huku juu yao watu wakiendelea na shughuli zao za ofisi. Wengine waliwekwa kizuizini bila kesi.

Kisha ukaja huo mlolongo wa 1988 ambao ami hawezi kuusahau. Mchujo wa wagombea ulifanywa kwa watu kupanga foleni mchana kweupe nyuma ya mgombea, au nyuma ya mtu wake aliyeshika picha, mbele ya macho ya chifu na wakubwa wa chama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alihesabiwa amepita, hakuna tena kura ya siri. Kila mtu aliona ni nani yuko foleni gani, na pengine foleni fupi ilitangazwa kuwa ndiyo ndefu na watu wapo wamesimama. Mwalimu aliyekwenda kusimama kwenye foleni isiyotakiwa alikuwa anajua kesho yake kuna barua. Ami yako alisimama. Jambo hili liweke akilini, nitalirudia.

Sasa hapo ndipo hoja ya ami inapompinduka. Moi naye alichaguliwa. Mwaka 1979, 1983 na 1988 alitangazwa rais kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, bila mpinzani, na kila kitu kilikuwepo: wasimamizi wa uchaguzi, kiapo, Bunge, tangazo katika gazeti rasmi. Kama kuchaguliwa peke yake kunafunga mjadala, basi Nyayo nayo ilikuwa serikali tu, na waliojitokeza Kamukunji Julai 7, 1990 kudai vyama vingi walikuwa wakorofi wasiosubiri uchaguzi ujao. Ami haamini hivyo hata kidogo. Kwa kinywa chake mwenyewe ameuita ule utawala. Maana yake anacho kipimo kingine moyoni, ila hajakitamka.

Mimi nitakitamka kama ninavyokielewa. Kura inatuambia watawala waliingiaje. Haituambii wanatokaje, wala haituambii kama wakiwa ndani yupo yeyote anayeweza kuwaambia "hapana" wakatii. Wanaouliza kama serikali ni utawala wa mabavu huuliza mambo hayo mawili, na jibu la "walichaguliwa" halijibu hata moja.

Waulize watu wa rika la ami ni jina gani walilisikia redioni miaka yote ya sabini na themanini kuhusu Afrika Kusini. Utawala wa Makaburu. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikiwapa ANC, wapigania uhuru wa huko, nafasi ya kurusha matangazo yao ya Radio Freedom, na Afrika Mashariki nzima hakuna aliyeona jina hilo ni tusi lisilo na msingi. Lakini chama cha National kiliingia madarakani 1948 kwa uchaguzi. Kilipata kura chache kuliko chama kilichokuwa kikitawala, ila viti vingi zaidi, na kuanzia hapo kikashinda kila uchaguzi hadi ule wa 1989. Bungeni kulikuwa na wapinzani. Helen Suzman alikaa miaka 13 akiwa mbunge pekee wa chama chake, akiwasumbua mawaziri kwa maswali. Kulikuwa na majaji na magazeti. Kilichokosekana ni kwamba wengi wa waliotawaliwa hawakuwa na kura ya kumtoa yeyote, na walipodai kwa njia nyingine walipigwa risasi, kama pale Sharpeville 1960. Mpaka Aprili 1994 Afrika Kusini ilikuwa na uchaguzi kila baada ya miaka kadhaa na bado ikastahili jina lile. Kwa hiyo swali lako la kwanza, kama serikali iliyotokana na uchaguzi inaweza kuitwa hivyo kwa haki, limejibiwa zamani, na limejibiwa kwa Kiswahili.

Kuna njia ya pili, na hii ndiyo ya siku hizi. Mtu anaingia kwa mlango halali kabisa, akishaingia anabadilisha kufuli. Hungary ni mfano ulioandikwa sana. Chama cha Viktor Orbán kilishinda 2010 kwa asilimia 53 hivi ya kura, uchaguzi safi usio na lawama, kikapata theluthi mbili ya Bunge. Kwa theluthi mbili hiyo kikaandika katiba mpya 2011 na sheria mpya za uchaguzi. Mwaka 2014 kura zake zikashuka hadi asilimia 45, lakini theluthi mbili ikabaki. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kwamba Hungary haiwezi tena kuhesabiwa kuwa demokrasia kamili, bali ni utawala wa kiimla unaofanya uchaguzi. Ona walivyoliunda jina lenyewe: uchaguzi umo, na uimla umo.

Venezuela ilikwenda mbali zaidi. Hugo Chávez alichaguliwa 1998 kihalali. Mrithi wake, Nicolás Maduro, alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa Julai 28, 2024, lakini tume haikuchapisha matokeo ya kituo kimoja kimoja. Wapinzani walikuwa wamekusanya nakala za fomu kutoka vituo zaidi ya asilimia 80, na fomu hizo zilionyesha mgombea wao, Edmundo González, ameshinda kwa mbali. Serikali hiyo ilianza kwa kura. Ilipofika kukataa kuonyesha kura, mtu aliyeiita utawala hakuwa anatukana.

Na tusijifanye mambo haya yako mbali. Vuka Lunga Lunga uingie Tanzania. Katiba ya huko, ibara ya 41(7), inasema tume ikishatangaza nani amechaguliwa rais, hakuna mahakama yoyote itakayochunguza. Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, chama kikuu cha upinzani, Chadema, kilikuwa kimezuiwa kushiriki, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na mgombea wa chama kingine cha upinzani, ACT Wazalendo, naye alikuwa ameondolewa kwenye orodha. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Mtanzania anayeuliza swali uliloliuliza wewe analiuliza akiwa mahali pagumu kuliko ulipo wewe, na ningemjibu tofauti.

Kwa sababu, mwanangu, hapa inabidi nikugeukie wewe.

Neno "utawala" lenyewe halina kosa. Tunasema utawala bora, tunasema utawala wa sheria, na watangazaji wetu husema utawala wa Trump wakimaanisha rais na mawaziri wake tu. Uzito uko kwenye ulichokiongeza, "dhalimu". Hata hivyo ami hakukosea kusikia hukumu katika sentensi yako, kwa sababu kwenye habari neno hili lina mazoea yake: rafiki hupewa "serikali", adui hupewa "utawala". Sikiliza idhaa ya Kiswahili ya Tehran ikiitaja Israel: ni "utawala wa Kizayuni" kila mara. Mtangazaji hajapima kama Waisraeli wamepiga kura au mahakama zao zinasikilizwa. Anachokikataa ni dola yenyewe, serikali iliyopo iwe ya chama chochote. Msikilizaji anatoka pale akijua msemaji anamchukia nani, lakini kuhusu jinsi mamlaka yanavyoshikwa hajaambiwa lolote. Sitaki ufike huko. Anayetumia neno hili kwa kila serikali asiyoipenda analichosha, na siku litakapohitajika kwa dhati watu watalisikia kama kelele za kampeni.

Tuipime Kenya basi, kwa maswali yale mawili.

Wanaweza kutolewa? Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo halijawahi kutokea barani Afrika kabla ya siku hiyo. Malawi ikafuata Februari 2020, baada ya fomu za matokeo kukutwa zimepakwa wino mweupe wa kusahihishia. Uchaguzi ukarudiwa Juni, Lazarus Chakwera akashinda, na 2025 naye akashindwa akaondoka. Hapa kwetu uchaguzi wa marudio wa 2017 ulisusiwa na Raila Odinga, sitaupamba. Na 2022 William Ruto alipata asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo, kisha Septemba 5 mahakama ikayathibitisha. Uchaguzi wa kubanana namna hiyo, wa tofauti isiyofika asilimia mbili, si wa nchi ambayo mshindi anajulikana kabla. Ukomo wa mihula miwili uko kwenye ibara ya 142 na haujaguswa.

Yupo anayesema hapana wakatii? Machi 2022 Mahakama ya Juu iliuzima mpango wa BBI wa kubadilisha katiba, ambao rais wa wakati huo aliupigania kwa nguvu zote. Juni 26, 2024, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge, Rais Ruto alikataa kuutia saini Mswada wa Fedha aliokuwa akiutetea. Juni 25, 2025 mamlaka ya mawasiliano iliamuru vituo vya televisheni viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mitambo ya baadhi ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo siku ile ile na vikarudi hewani. Chini ya sheria za 1988 jaji angefikiri mara mbili juu ya kazi yake kabla ya kuandika amri kama hiyo.

Lakini upande wa pili wa hesabu uko na damu, na hapo ami amepita kasi mno. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya 2024, na kufikia Desemba mwaka huo visa 82 vya watu kutekwa. Rais mwenyewe alisema mwezi huo kwamba utekaji utakomeshwa. Mwaka uliofuata, Juni 25 na Saba Saba (Julai 7), watu wengine wakauawa. Kumchukua mtu usiku bila sare, bila hati, bila kumfikisha mahakamani, ni kazi ile ile iliyofanyika Nyayo House, hata kama jengo ni jingine. Mtu hawezi kuambiwa "subiri 2027" kuhusu jambo kama hilo. Kura haikumpa yeyote ruhusa ya kuteka. Ibara ya 37 inatoa haki ya kuandamana leo, si kila baada ya miaka mitano, na ami aliyefundisha watoto wa nchi hii anajua hivyo.

Umetaka ukweli, basi nitakwambia mimi ninavyosema. Naiita serikali. Serikali ambayo polisi wake waliwapiga risasi waandamanaji, na ambayo watu walitekwa ikiwa madarakani. Siiiti kwa jina lile, kwa sababu jina lile likitumiwa kwa dhati ni hukumu kwamba njia za kuwatoa zimefungwa, na hapa bado ziko wazi, ingawa zimetiwa mawe. Siku ukomo wa mihula utakapochezewa, au majaji waondolewe kinga, au mgombea afungwe ili asiwepo kwenye karatasi ya kura, au maagizo ya mahakama yapuuzwe mpaka iwe desturi, nitabadilisha kauli yangu siku hiyo hiyo, bila kujali kura zilizopigwa 2022 zilikuwa ngapi.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi ya neno lenyewe. Kijana akishaamini kwamba huu ni utawala uliofungwa kabisa, haoni sababu ya kwenda kujiandikisha. Nimewasikia wa rika lako wakisema hivyo waziwazi: tukapige kura ya nini? Anayefurahia maneno hayo ni yule yule mnayetaka aondoke. Moi alitoka 2002 kwa sababu mambo mengi yalikutana, ukomo wa mihula ukiwemo, na upinzani ulioungana ukampa Mwai Kibaki asilimia 62. Mwaka 1992 upinzani ulikuwa umegawanyika, Moi akashinda kwa asilimia 36 tu. Ingia kwenye hesabu hizo na wenzako, zina faida kuliko ubishi wa majina.

Je, unayo haki ya kulitumia neno ulilolitumia? Unayo. Ibara ya 33 inakulinda, na hakuna aliyekufa kwa kuitwa dhalimu, wakati wako waliokufa kwa kubeba bendera. Kwa hiyo usilifute kwa kulazimishwa. Sikubaliani na mchumba wako kwamba neno ni neno tu. Na wenzako wa Nairobi nao wamezidisha, maana waliokufa hawakudai neno moja maalumu kutoka kwako. Wana haki ya kutajwa na kilichowapata kutajwa. Siku nyingine andika kitendo: nani, wapi, lini, alifanywa nini. Kuhusu rafiki yako, kama yuko tayari, akae na mtu anayemwamini waandike tarehe, mahali, aina ya gari na maneno aliyoambiwa, apeleke kwa tume ya haki za binadamu au kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Akiwa hayuko tayari, usimsukume, na usimfanye mfano kwenye kundi la ukoo.

Sasa nikaha.

Kosa lako, mwanangu, liko kwenye sentensi ya pili. "Kizazi chenu ndicho kilichonyamaza." Umemwambia hivyo mtu aliyesimama kwenye foleni aliyojua itamgharimu, na ikamgharimu, kisha akabeba karo yako kwa mshahara wa ualimu. Kumjibu mkubwa hivyo mbele ya watoto wake ni kumvunjia heshima, na zaidi ya heshima, si kweli. Kwa hilo omba radhi, na kwa kuwa ulilisema mbele ya watu, radhi nayo iwe mbele ya watu. Andika kwenye kundi kwamba ami hakunyamaza 1988, kwamba umekosea kumwambia vile, na kwamba unamwomba msamaha. Usiongeze "lakini". Kuhusu lile neno la kwanza usiseme chochote hapo.

Kabla ya kuandika, nenda Mombasa. Usiende peke yako. Mtafute shangazi yenu ambaye ami humsikiliza, akutangulie kwa mazungumzo kisha uingie. Mbusu mkono, keti chini, mwache aseme mpaka amalize. Akimaliza muulize habari za mlolongo: alisimama nyuma ya nani, barua ilikujaje, alihamishiwa wapi, bibi alisema nini siku ile. Nina hakika hakuna aliyewahi kumuuliza. Usimbishie Kenya ya leo siku hiyo. Siku nyingine, akishakuwa mtulivu, mweleze habari za rafiki yako ukiwa naye faraghani, bila kutafuta jina la kuiita serikali. Nadhani mwalimu aliyepitia yale atakusikia, kwa sababu atayatambua.

Inawezekana pia asikusikie. Basi ujue sheria, ili uzungumze bila hofu: walii anayekataa kuoza bila sababu inayokubalika kisheria hamzuii binti milele. Katika madhehebu yetu ya Kishafii jambo hupelekwa kwa kadhi, na Mahakama za Kadhi zipo kwa mujibu wa ibara ya 170 ya katiba. Tofauti ya siasa si sababu ya kumnyima binti ndoa na mtu ambaye ami mwenyewe alishamridhia. Lakini usilitaje hili mbele yake, wala usimwache mchumba wako alitaje. Ukimtishia kwa kadhi, hata akikuoza atakuoza kwa kinyongo, na wewe unataka akuoze kwa radhi.

Mchumba wako naye aache kukaa Nairobi akitoa maoni. Aende na wazee wake wakamwamkie ami wiki moja baada ya safari yako, wasizungumzie siasa, waulize tarehe tu. Kama Mfunguo Mosi umekuwa karibu mno, sogezeni mbele mwezi mmoja au miwili, hakuna aibu yoyote. Na bibi mpigie simu leo, usingoje mpaka mambo yatengemae.